Kamera ya kulinda njia ya gari nyumbani: balbu, Wi-Fi, sola ya 4G au seti ya DVR?

Kabla ya kuuliza bei ya kamera, chukua futikamba upime. Kutoka ukuta wa baraza hadi getini ni mita ngapi? Soketi ya karibu iko wapi? Ukisimama na simu pale kamera itakapokaa, Wi-Fi ya ndani inafika au inakatika? Maswali hayo matatu ndiyo yanayochagua kamera. Idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi itazamwe mwisho, na kwa kamera za bei ya chini mara nyingi hata si ya kweli.

Nyumba tunayoifikiria hapa ni ya kawaida ya Tabora mjini, iwe Ipuli, Malolo, Cheyo au Isevya: ukuta wa tofali, paa la bati, geti moja la chuma, njia ya gari ya mita 10 hadi 15, na gari au pikipiki inayolala nje, pengine chini ya mwembe. Ukomo wa fedha tumeuweka shilingi 250,000, na humo humo itoke kamera, memori kadi, waya na kitu cha kushikilia umeme ukikatika. Ukiagiza kutoka Kariakoo kwa basi unaweza kuokoa kidogo, ila kitu kikifika kibovu, kukirudisha ni shughuli. Kwa hiyo kamera unayoweza kuijaribu kaunta ina thamani yake hata ikizidi bei.

Nne zinazoshindana

Kamera ya balbu ndiyo rahisi kuliko zote. Unaifunga kwenye holda ya taa, inachukua umeme humo, inazunguka, na fundi hahitajiki. Tatizo linaanzia kwenye holda yenyewe. Balbu hizi nyingi zina kitako cha nyuzi, E27, na nyumba zetu nyingi bado zina holda za pini, B22. Kipande cha kubadilisha kinauzwa, lakini kamera ikining'inia juu yake huyumba kila inapozunguka. Holda ya barazani iko darini, kwa hiyo nusu ya picha ni sakafu na nguzo. Usiku mwanga wake wa infraredi, ule wa kuonea gizani, unagonga dari nyeupe na kurudi kwenye lenzi, getini kunabaki giza. Na swichi ya taa ndiyo swichi ya kamera. Mtu akizima taa ya nje asubuhi kwa mazoea, ulinzi umezimwa hadi jioni.

Kamera ya Wi-Fi ya nje yenye adapta hugharimu zaidi ya balbu, ila imetengenezwa kwa ajili ya kazi hii: ina kinga ya mvua ya IP65 au IP66, mguu wa kufungia ukutani na sehemu ya memori kadi. Zipo zilizotulia na zinazozunguka. Tapo C310, kwa mfano, imetulia, ina megapikseli 3 (3MP), na ina tundu la kebo ya mtandao iwapo Wi-Fi haifiki. Tapo C500 inazunguka. Kwa njia ya gari chagua iliyotulia. Inayozunguka huvutia dukani, lakini ikiwa imegeukia bombani, geti halirekodiwi, na hakuna anayekumbuka kuirudisha.

Kamera ya sola yenye laini ya 4G haihitaji soketi wala ruta. Ina betri, paneli ndogo na kihisi cha joto, PIR, kinachoiamsha mtu anapopita. Muda mwingine wote imelala. Hilo ndilo linaloiwezesha kuishi na paneli ndogo, na ndilo udhaifu wake mkubwa.

Seti ya DVR ni kamera kadhaa zinazovutwa kwa kebo hadi kwenye kisanduku cha kurekodi chenye hadi-diski ndani ya nyumba. Ukijumlisha kamera nne, diski, kebo na ufundi, inapita ukomo wetu. Tumeiweka kwa sababu wauzaji wengi wataitaja kwanza, na kwa sababu zipo nyumba ambazo hiyo ndiyo jibu.

Umbali wa geti una nguvu kuliko megapikseli

Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilihesabu pikseli zinazoangukia kila mita moja ya upana wa eneo. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kuna kitu. Kama 62 zinaonyesha mtu anafanya nini. Kwa 125 unamtambua mtu unayemfahamu. Kumjua usiyemfahamu, kwa picha utakayoipeleka polisi, kunahitaji 250.

Sasa piga hesabu. Kamera nyingi za bei nafuu zina lenzi ya milimita 2.8, inayoona upana wa nyuzi 100 hivi. Kwa 1080p, yaani pikseli 1,920 kwa upana, mtu akiwa mita 5 unapata pikseli 160 kwa mita. Akiwa mita 10 zimebaki 80. Getini, mita 12, ni 67: unaona mtu, unaona kabeba kitu, uso hauusomi. Ukinunua ya 4MP ufikie pikseli 2,560, umeongeza theluthi moja tu, na getini bado huvuki 90. Lakini kamera ile ile ya 1080p ukiisogeza kutoka mita 12 hadi mita 5, pikseli zinakuwa zaidi ya mara mbili bila kuongeza shilingi kwenye kamera.

Lenzi ndefu zaidi nayo inasaidia. Ya milimita 4, yenye nyuzi kama 80, inatoa pikseli 114 hivi kwa kila mita mtu akiwa umbali wa mita 10. Ya milimita 6, yenye nyuzi 50, inakaribia 205. Gharama yake ni upana: lenzi ya milimita 6 kwa umbali huo inaona mita 9 tu, kwa hiyo geti utaliona vizuri na gari lililo kando ya nyumba hutaliona kabisa. Kamera za balbu na nyingi za sola hazikupi nafasi ya kuchagua lenzi. Kamera za seti ya DVR na baadhi ya zile za Wi-Fi huuzwa kwa lenzi tofauti, ulizia namba yake. Mara nyingi huandikwa kwenye karatasi ya ubavuni mwa kamera.

Namba ya gari isikusumbue sana. Gari likiingia usiku taa zimewaka, kamera ya bei hii itaona miduara miwili myeupe na giza katikati. Namba ya nyuma husomeka zaidi, gari linapotoka, na kamera ikiwa kando ya njia badala ya kulitazama gari usoni.

Usiku

Kamera zenye infraredi ya nanomita 850 zinaona mbali zaidi na huonyesha vidoti vyekundu hafifu. Za nanomita 940 hazionekani kabisa lakini mwanga wake ni mfupi. Kwa geti la mita 12, chukua 850. Umbali ulioandikwa kwenye boksi, "mita 30", ni wa kugundua kuna kitu, si wa kuona uso.

Nyingine zina taa nyeupe inayowaka mtu akipita na kutoa picha ya rangi. Ni nzuri, isipokuwa mvua za kwanza zikishanyesha. Kumbikumbi wakitoka, wanaizunguka taa, kamera inadhani ni watu, na simu inalia usiku kucha. Kipindi hicho ihamishie kwenye infraredi pekee.

Njia iliyo bora kuliko zote hizo wala si ya kamera: taa ya LED ya wati 9 getini, ikae mbali na lenzi. Kamera ikipata mwanga wa kutosha haihitaji kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu kwa kila picha, kwa hiyo mtu anayetembea haachi ukungu nyuma yake. Ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku inakula uniti 3.2 hivi kwa mwezi.

Buibui nao wana sehemu yao. Joto na mwanga wa infraredi huvuta wadudu, na buibui hufuata wadudu. Uzi mmoja mbele ya lenzi usiku unaonekana kama kamba nyeupe inayocheza. Kitambaa laini kila wiki mbili, hasa Juni hadi Oktoba vumbi linapotanda, kinatosha.

Umeme, LUKU na kukatika

Kamera moja ya Wi-Fi inakula wati 5 hivi. Kwa saa 24 na siku 30 ni uniti 3.6. Kwa anayelipa takribani shilingi 356 kwa uniti, ni kama shilingi 1,300 kwa mwezi. Seti ya DVR yenye kamera nne na diski inazunguka wati 30, yaani uniti karibu 22 kwa mwezi. Hapo kuna mtego usiotajwa dukani: aliye kwenye daraja dogo la matumizi, chini ya uniti 75 kwa mwezi, anaweza kusukumwa nje ya daraja hilo na seti hiyo peke yake. Aliyekuwa anatumia uniti 60 sasa yuko 82, na uniti zinazozidi zina bei nyingine.

Umeme ukikatika, kamera ya balbu imekufa hapo hapo. Ya Wi-Fi inahitaji vitu viwili viwe hai, kamera na ruta, na UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inaweza kuvibeba vyote. Iliyoandikwa 8,800 mAh hesabu yake ni ya seli za volti 3.7, kwa hiyo ina saa-wati 32, na baada ya upotevu zinabaki kama 26. Ruta na kamera zikila wati 12 kwa pamoja, zitadumu saa mbili. Angalia volti za matundu: kamera nyingine hutaka 5V, nyingine 9V, nyingine 12V. Ya 9V ukiichomeka kwenye tundu la 12V unaweza kuichoma, na udhamini haukusaidii.

Sola haina habari na TANESCO. Ila soma betri yake kwa jicho la shaka. Seli ya 18650, ile ya duara inayofanana na betri ya tochi, haizidi mAh 3,500 hivi hata ikiwa ya kampuni nzuri. Iliyoandikwa 9,900 mAh kwa seli moja ni uongo uliochapwa. Kamera yenye seli mbili halisi ina kama mAh 6,000 hadi 7,000, basi.

Paneli nayo haitaki kivuli, na Tabora ni mji wa miembe. Tawi moja likifunika kona ya paneli ndogo, chaji inashuka sana, si kidogo kama ukubwa wa kivuli chenyewe. Ifunge ikielekea kaskazini na iinamie nyuzi 10 hadi 15: hapa kwenye nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua la mchana liko kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na mwinamo huo unaliacha vumbi lioshwe na mvua. Mwili wa kamera wenyewe, kinyume chake, uweke kivulini. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikipita nyuzi joto 45, na sanduku la plastiki kwenye ukuta wa magharibi linafika huko bila shida. Chagua yenye paneli inayotenganishwa kwa waya wa mita mbili au tatu.

Kwa nini sola hukosa tukio lenyewe

PIR huhisi tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, tena ikisogea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mchana wa Oktoba ukuta na ardhi vikiwa na joto karibu na la mwili wa mtu, tofauti hiyo inafifia na kamera haiamki. Mtu akitembea moja kwa moja kuelekea kamera, anaonekana kwa kihisi kama amesimama. Kihisi chenyewe hufika mita 8 hadi 10. Na kikishaamka, kamera inachukua nusu sekunde hadi sekunde mbili kuanza kurekodi. Pikipiki ikiwa inaondoka, utapata mkia wa vumbi.

Kwa hiyo kamera ya sola isitazame geti kutoka barazani. Ifunge kwenye ukuta wa fensi, mita 4 hadi 6 pembeni mwa geti, ili anayeingia alazimike kuikatiza.

Mtandao na bando

Wengi hawajui kwamba kamera yenye memori kadi haili bando kwa kurekodi. Inakula unapotazama kwa simu ukiwa mbali, na kidogo kwa kutuma taarifa. Picha ya moja kwa moja ya megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa. Ukitazama dakika 10 kila siku, ni MB 75 kwa siku, GB 2.25 kwa mwezi. Punguza ubora wa kutazama uwe wa chini, utashuka zaidi; kurekodi kwenye kadi kunaendelea kwa ubora wa juu.

Kama "Wi-Fi" ya nyumbani ni hotspoti ya simu ya baba, kamera inabaki bila mtandao baba akienda kazini. Itarekodi, haitaarifu. Nyumba hiyo inunue ruta ndogo ya laini kabla ya kamera. Ruta iwe inatoa 2.4GHz, kwa kuwa kamera nyingi za bei hii haziioni 5GHz. Programu ya kupima Wi-Fi kwenye simu ikionyesha bora kuliko -65 dBm (namba ikikaribia sifuri ndiyo nzuri) pale kamera itakapokaa, uko salama. Ikiwa mbaya kuliko -75, picha itaganda, hasa kukiwa na kuta mbili za tofali na mlango wa chuma katikati.

Kwa kamera ya laini, simama getini na simu yenye laini unayotaka kutumia, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel au TTCL, uone 4G inashika. Kisha weka laini hiyo hiyo kwenye kamera dukani kabla hujalipa. Zipo kamera zilizotengenezwa kwa masoko mengine ambazo hazishiki masafa ya mitandao ya hapa, na muuzaji hajui hadi ujaribu. Laini isajiliwe kwa jina lako. *106# itakuonyesha namba zilizo chini ya kitambulisho chako.

Rekodi zinakaa siku ngapi

Kwa 1080p ya mfumo wa kubana video wa H.264, megabiti 2 kwa sekunde, siku moja ni GB 21.6. H.265 inaweza kuishusha hadi nusu. Kadi ya GB 64 inabeba karibu siku tatu kwa H.264, au karibu sita kwa H.265. Ya GB 128, mara mbili ya hapo. Ukisafiri kwenda Nzega siku nne ukarudi, ya GB 64 inaweza kuwa imeshafuta ulichokitafuta. Nunua 128, tena iliyoandikwa "Endurance", kwa sababu kadi za kawaida za simu huchoka zikiandikwa usiku na mchana.

Kadi feki ni nyingi kuliko kamera feki. Inajitambulisha GB 128 na ndani ina 8. Kamera inarekodi vizuri siku ya kwanza, halafu faili zote hazifunguki. Ipime kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows kabla ya kuipandisha ukutani.

DVR yenye diski ya TB 1 na kamera nne inakaa siku 11 hivi kwa hesabu ile ile. Sifa yake kubwa, kwa maoni yetu, ni nyingine: mwizi aking'oa kamera, rekodi imebaki chumbani. Kwa hizo nyingine tatu, kadi huondoka mfukoni mwake. Unachobaki nacho ni picha ya taarifa iliyofika kwenye simu, kama mtandao ulikuwepo.

| | Balbu | Wi-Fi ya adapta | Sola ya 4G | Seti ya DVR |
|---|---|---|---|---|
| Bei ya kuanzia | Ndogo kuliko zote | Ya kati | Ya kati hadi juu | Inapita ukomo |
| Kila mwezi | Uniti 3–4 | Uniti 3–4 | Bando | Uniti 20 na zaidi |
| Umeme ukikatika | Inazima | Saa 2 kwa UPS ndogo | Inaendelea | Inataka UPS kubwa |
| Kurekodi saa 24 | Ndiyo | Ndiyo | Nyingi hapana | Ndiyo |
| Kamera ikiibwa | Rekodi imekwenda | Rekodi imekwenda | Rekodi imekwenda | Rekodi ipo |
| Hatari ya radi | Ndogo | Ndogo, ongeza kinga ya adapta | Ndogo sana | Kubwa |

Mstari wa radi unahitaji maelezo. Mvua za Novemba hadi Aprili huja na ngurumo, na radi haihitaji kupiga nyumba yako. Kebo ya shaba ya mita 30 inayopita juu ya fensi inatosha kubeba msukumo wa umeme kutoka radi ya mbali hadi kwenye tundu la DVR. Dalili yake ni kamera moja au mbili kuonyesha skrini nyeusi huku kamera zenyewe zikiwa nzima. Kupitisha kebo ardhini ndani ya paipu, kuwa na ethi ya kweli na kuchomoa kila kitu wingu likijifunga hupunguza hasara.

Tunachochagua

Nyumba yenye ruta inayobaki nyumbani, na soketi ndani ya mita 15 za mahali pa kamera: Wi-Fi ya adapta iliyotulia, lenzi ya milimita 4 ikipatikana, kadi ya GB 128 na UPS ndogo. Kwa fedha tuliyoweka, hakuna kinachoikaribia.

Kiwanja ambacho nyumba haijaisha, au geti liko mbali na umeme haujafika: sola ya 4G, ukikubali kwamba itakuonyesha wengi wa waliopita, si wote.

Ukitaka kuona pande tatu au nne, na biashara ipo hapo hapo, mfano duka la mbele au stoo ya asali: subiri, ongeza fedha, funga DVR. Hakikisha diski ni ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Seti za bei rahisi mno mara nyingi huwa na diski iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Balbu tungeiweka barazani kama jicho la pili, si la kwanza.

Kufunga ya Wi-Fi bila kurudia kazi

Iwashe mezani siku nzima kwanza, kadi ikiwa ndani. Badilisha neno la siri la kiwandani na usasishe programu yake. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na DVR duniani kwa kutumia orodha ya maneno ya siri ya kiwandani tu, na yapo maduka ambayo bado yanauza vifaa vyenye "admin" na "123456". Weka saa ya GMT+3 vilevile; rekodi yenye tarehe ya uongo huleta maswali polisi.

Mahali pazuri ni nguzo au ukuta wa fensi, mita 4 hadi 6 kutoka getini, urefu wa mita 2.5 hadi 3. Ukipanda zaidi utaona kofia. Epuka kuielekeza mashariki au magharibi moja kwa moja. Jua la saa 1 asubuhi au saa 11 jioni litafanya kila uso kivuli. Uwanja wa jirani usiingie kwenye picha, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni sababu ya ziada ya kuziba upande huo kwenye programu.

Waya wa umeme ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kamera inayochukua nusu ampea kwa 12V kupitia waya mwembamba wa milimita za mraba 0.2 kwa mita 30 inapoteza volti 2.6, inabaki na 9.4. Mchana haina neno. Infraredi ikiwaka jioni, inazima, inawaka, inazima, na lawama inaangukia kamera. Tumia waya wa shaba wa 0.5, upotevu utakuwa volti moja, au 0.75 ukiupata. Uliochovywa shaba juu ya aluminiamu hupoteza zaidi. Ukwangue kwa kisu, ukiwa mweupe ndani uache. Kwa kamera za 5V usirefushe waya wa USB kupita mita 3 hadi 5. Sogeza soketi badala yake, ndani ya boksi la kuzuia mvua.

Toboa kwa biti ya milimita 6, kwenye tofali lenyewe, si kwenye maungio ambako fisha haishiki. Tundu la waya liinamie nje. Viungo vya waya vya nyuma ya kamera havina kinga hata kamera ikiwa IP66, kwa hiyo vifungie kwenye boksi la sentimita 10 kwa 10, waya ukiingilia chini baada ya kujikunja kama herufi U ili maji yadondoke kabla ya kufika.

Kwenye programu, chora eneo la kutazamwa liwe geti na njia ya gari tu, matawi ya mwembe na barabara yabaki nje, kisha chagua kutambua watu kama kipo. Ukishamaliza, skrubu za mwisho zikiwa bado legevu, mtume mtu aingie getini saa 2 usiku akiwa amevaa kofia, atembee mwendo wake wa kawaida hadi kwenye gari. Usitazame picha ya moja kwa moja. Fungua rekodi iliyo kwenye kadi. Uso usipoeleweka, inamisha kamera au isogeze mita moja karibu na geti, mrudie.